Tusi la Saa Saba Mchana

Neno lenyewe halitaandikwa hapa. Si kwamba msimulizi ana adabu kuliko wenzake. Kila msomaji analijua, alilisikia kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na akiachiwa nafasi atalijaza mwenyewe. Lilitamkwa mara mbili katika nyumba moja, Jumatano, saa saba mchana, na kabla ya saa nane mkono wa mtu ulikuwa umevunjwa.

La kwanza lilimtoka binti. Alikuwa na miaka kumi na minne, anaepua sufuria ya maji jikoni, na kitambaa alichoshikia kikamponyoka. Maji yakamwagika juu ya mguu wa kushoto, kuanzia kifundoni mpaka vidoleni. Hakukaa kuchagua la kusema.

Bahati mbaya baba yake alikuwa amerudi kula. Gereji walimwita Fundi Bodi, maana hakuna mlango wa gari ulioingia ndani ambao hakuweza kuutoa nje. Kanisani walimwita Katibu, kwa kuwa ndiye aliyeandika kila kilichosemwa na baraza la wazee. Nyumbani hakuitwa kitu. Akiingia, watu walinyamaza tu.

"Umesema nini?"

"Baba, nimeungua mguu..."

"Sikukuuliza mguu. Nimeuliza umesema nini."

Nyumba hiyo ilikuwa na utaratibu wake: mdomo mchafu hufuliwa. Siku zote ilikuwa kidole na kipande cha sabuni, mara mbili tatu, mtoto anatapika, yanaisha. Siku hiyo Fundi aliona kwenye beseni brashi ya kufulia, ile ya nywele ngumu ya kusugulia kola. Alimlaza binti kwenye sakafu ya simenti, akamkalia kifuani, magoti yake mawili juu ya mikono miwili ya mtoto, akamfungua taya kwa kidole gumba. Akaanza kusugua ulimi. Povu lilitoka jeupe, kisha la waridi, kisha jekundu. Mguu ulioungua ulikuwa unapiga sakafu na ngozi yake inabaki pale chini.

Mama alikuwa nyuma anaanika nguo. Aliingia mbio na shati lililolowa mkononi.

"Mwachie mtoto! Huoni ameungua?"

"Namwosha."

"Unamuua, baba! Unamuua!"

"Mkristo hatoi uchafu mdomoni ndani ya nyumba yangu." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma tangazo.

Mama alimvuta kola. Fundi alirudisha kiwiko nyuma bila kugeuka, kikampata mama kwenye mdomo, akaona nyota mchana. Hapo ndipo neno likatoka mara ya pili. Mama hakulisema nusu nusu. Alilisema zima, kwa sauti iliyovuka ukuta, akalifunganisha na mumewe, na aliyemzaa mumewe, na uzee wake wa kanisa.

Kilio cha mtoto kilikuwa kimeendelea kwa dakika tano na hakuna mlango uliofunguliwa. Neno moja lilifungua minne. Majirani walitoka, wakatazamana, mmoja akashika kifua: mke wa Katibu!

Fundi aliinuka taratibu. Akaiweka brashi mahali pake. Akamshika mkewe mkono wa kulia, akaulaza kwenye ukingo wa sinki, akaukandamiza. Hakufanya kwa hasira ya kukurupuka. Alifanya kwa ufundi, kama anavyorudisha bati lililopinda, anasikiliza kwa kiganja pale linapokubali. Mfupa ulikubali. Mlio wake ulisikika mpaka uani.

"Sasa tubu," alisema.

Aliyeingia wakati huo alikuwa Kasuku, mdogo wake mama, fundi rangi wa gereji ile ile. Ndiyo kwanza alikuwa anafika kutoka gereji, amekuja kula na shemeji yake. Kasuku hakupewa jina hilo kwa uzuri wa sauti. Hakuweza kuomba chumvi bila kutukana. Alipoona dada yake amepiga magoti na mkono unaning'inia kama si wake, alimwaga matusi yote aliyonayo, na katikati yake ilikuwemo amri moja tu: ondoka hapo. Fundi aliokota sufuria tupu akampiga nayo sikioni. Kasuku alianguka, akainuka, damu inamchuruzika shingoni, akambeba mpwa wake mgongoni na kumshika dada yake kiunoni. Wakatoka hivyo, watatu, mbele ya majirani waliokuwa bado wanalijadili lile neno.

* * *

Fundi aliwawahi hospitali kwa pikipiki. Walipofika mapokezi, alikuwa ameshanawa, ameshachomekea shati, na anazungumza na mhudumu.

"Mke wangu ameteleza bafuni. Mtoto naye amemwagikiwa na maji ya moto. Siku mbaya, dada yangu."

"Na mdomo wa mtoto?"

"Anapiga mswaki kwa nguvu mno. Tumemwambia kila siku."

Mhudumu aliinua kalamu. "Mama, ni kweli uliteleza?"

Kiganja cha Fundi kilikuwa kimetulia juu ya shingo ya mkewe, upande wa nyuma, mahali ambapo mwingine angeona mapenzi. Mama alihesabu vigae vya sakafu mpaka cha sita.

"Kweli," alisema.

"Mwongo huyu! Kamvunja!" Kasuku alipiga kelele mlangoni, na bila kukusudia akaongeza lile analoongeza siku zote. Mlinzi alimshika mkono.

"Kaka, hapa ni hospitali. Matusi hapana. Toka nje."

"Nimepasuka sikio!"

"Toka nje na sikio lako."

Basi ikawa hivyo. Aliyesema uongo mara mbili alipewa kiti, na aliyesema kweli akakaa juani kwenye ngazi na gazeti kwenye sikio, mpaka dada yake alipotoka amefungwa plasta kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, mama hakupanda pikipiki ya mumewe. Alimshika binti mkono na kwenda kwenye chumba cha Kasuku. Fundi hakuwazuia. Watu walikuwa wanaangalia.

"Ijumaa wazee watakaa," alimwambia tu. "Uje mwenyewe, usiletwe."

* * *

Baraza lilikaa kwenye chumba nyuma ya madhabahu, viti vya plastiki na feni moja inayogeuka kwa kusuasua. Walikuwepo Mchungaji, mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko dhambi. Mwalimu Mstaafu, mzee wa kanisa kwa miaka thelathini. Na Mama Kiongozi, mkuu wa akina mama, mwanamke wa miaka sitini na sare iliyonyooshwa ikakaa kama karatasi. Fundi alikaa mwisho wa meza na daftari lake. Yeye ndiye mlalamikaji na yeye ndiye katibu, na hakuna aliyeona shida. Mke wake alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame, ila viti vilikuwa vimeisha.

"Shitaka ni tusi," Fundi alisoma. "Tusi zito, mbele ya mtoto, likasikika na majirani wanne."

"Neno lipi?" aliuliza Mchungaji.

"Siwezi kulitamka, Mchungaji."

"Basi liandike tulione."

"Siwezi kuliandika. Sijawahi kutamka wala kuandika neno kama hilo tangu nizaliwe."

Na ni kweli. Hii ndiyo ilikuwa ajabu ya mtu yule. Nyundo ikimwangukia kidoleni alisema "Bwana asifiwe" na kumeza machozi.

Wakaamua mama aandike. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, akaandika kwa wa kushoto, kwenye kipande cha karatasi alichopewa na Mama Kiongozi, herufi zinapanda na kushuka. Karatasi ikazunguka meza. Mchungaji alisoma, akaikunja. Mama Kiongozi alisoma, akasema "Yesu wangu" na kutazama dirishani. Mwalimu Mstaafu alivaa miwani, akaiinua, akaishusha.

"Mwandiko huu siuelewi. Hii ya pili ni herufi gani, mama?"

Mama alimtajia herufi. Uso ulimwaka moto. Mambo mengi yalikuwa yamemuuma wiki hiyo, lakini kumtajia herufi za tusi mwalimu aliyemfundisha kusoma kulikuwa na maumivu ya peke yake.

"Ahaa," Mwalimu alisema. "Hilo. Hilo ni baya kweli." Akavua miwani. "Na mkono umevunjikaje?"

"Ameteleza bafuni," alijibu Fundi bila kuinua kichwa.

"Sikukuuliza wewe, Katibu."

Feni iligeuka. Mama alifungua mdomo, na Mchungaji akamuwahi. "Mwalimu, tusichanganye mambo. Leo tuna ajenda moja. Kama kuna jingine, liletwe kwa utaratibu."

"Mimi nauliza tu. Mdomo ni kiungo, na mkono ni kiungo. Tunaupima mmoja."

"Mkono hausikiki kwa majirani," Fundi alisema. "Tusi linaaibisha kanisa. Wanaotuona watasema nini? Kwamba watu waliookoka na walevi wa baa wana mdomo mmoja?"

Mama Kiongozi alitikisa kichwa kukubali, lakini macho yake yalikuwa kwenye plasta. Aliyatoa haraka.

Hukumu ilikuwa nyepesi kwa kuisikiliza. Jumapili mama asimame mbele ya kanisa, atubu, apatanishwe na mume wake pale pale. Baada ya ibada yeye na binti warudi nyumbani. Akikataa, atatengwa na Meza ya Bwana, asipewe mkate wala kikombe, na kazi ya kupika kwenye shule ya chekechea ya kanisa atafutiwa mtu mwingine, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kupikiwa na mtu wa matusi.

"Lakini kwa kesi hii," Mchungaji alisema, "aseme tu kwamba alinena vibaya. Asitaje."

Fundi aliweka kalamu chini. "Utaratibu wetu, Mchungaji, ni kutaja. Anayetubu hutaja alichofanya, siku, mahali na mbele ya nani. Mimi ndiye niliyeuandika. Aliyeiba alitaja alichoiba, mzinzi alitaja. Tukimfunikia huyu kwa sababu ni mke wa Katibu, kesho tutamwambia nani?"

Alitaka mkewe aaibike mpaka chini. Alikuwa amejipangia hivyo tangu Jumatano. Wazee wakapiga kura, na utaratibu ukabaki utaratibu.

* * *

Jumamosi mchana, chumbani kwa Kasuku, kulikuwa na kitanda kimoja, makopo ya rangi ukutani na harufu ya tina ya kuzimulia rangi. Binti alikuwa anakunywa maziwa kwa mrija. Ulimi ulikuwa umevimba na maneno yalitoka mazito.

"Mama, mimi nilitenda dhambi?"

Mama alisogea karibu naye kitandani. Hakuwa mtu wa kudanganya mtoto. "Si vizuri kutukana, mwanangu. Hata mimi sikufanya vizuri. Lile neno nililolitoa linaniuma mpaka leo, nikikumbuka natamani ardhi ipasuke."

"Na baba?"

"Acha ya baba yako."

"Dada, na wewe!" Kasuku, sikio limefungwa bandeji, alianza sentensi kwa tusi, akamtazama mpwa wake, akalimeza. "Samahani. Namaanisha hivi: yule anakuvunja kama tawi, halafu wewe ndiye unatafuta maneno ya kuomba msamaha?"

"Ninaomba kwa kosa langu. La kwake si langu."

"Na mtoto?"

Mama alimsogezea binti kikombe. Hilo ndilo lililokuwa limemkalia rohoni tangu Ijumaa. Kazi ya chekechea angeweza kuilia na kuisahau. Meza ya Bwana ingemuuma zaidi, lakini Mungu si mtu wa kujificha nyuma ya meza. Mtoto ndiye aliyetakiwa arudi kesho, baada ya ibada, kwenye jiko lile. Wiki hii ilikuwa brashi. Aliijua mikono ya mumewe; ikishagundua kifaa kipya, hairudi kwenye cha zamani.

"Sirudi," binti alisema, na maziwa yenye damu yakamtoka pembeni ya mdomo.

Mama alimfuta kwa kidole.

* * *

Kanisa lilijaa kuliko sikukuu. Habari ya karatasi iliyozunguka meza ilikuwa imezunguka na mtaa. Wazee walikaa kwenye benchi lao mbele, wanatazama watu, Fundi katikati na daftari mapajani. Binti alikaa mstari wa kwanza pamoja na mama yake. Kasuku, ambaye hakuwa ameingia kanisani tangu harusi ya dada yake, alisimama nje ya mlango wa pembeni.

Mchungaji alimwita mama kwenye kipaza sauti. Alipanda ngazi mbili, plasta imening'inizwa kwa khanga shingoni.

"Taja, mama," Mchungaji alisema kwa upole. "Siku, mahali, na mbele ya nani."

"Nimekuja kutubu," alisema mama. "Siku ni Jumatano, saa saba mchana. Mahali ni jikoni kwangu. Nilitukana mbele ya mume wangu. Alikuwa amemkalia binti yetu kifuani, anamsugua ulimi kwa brashi ya kufulia, damu inatoka, na mtoto mguu umeungua. Nilimvuta, akanipiga kiwiko. Nikamtukana." Na akalitaja. Halikuwa kubwa kwenye kipaza sauti. Lilisikika tu kama neno. "Alipomaliza kunisikiliza akaulaza mkono wangu kwenye sinki akauvunja. Hospitali nikasema nimeteleza. Huo nao ni uongo wangu, nautubu. Tusi nalitubu. Ya mwenzangu sitayataja, kila mtu hutaja yake. Yupo hapa. Ataje."

Watu mia mbili waligeukia benchi la wazee.

Fundi aliinuka. Daftari lilianguka. Alipanda zile ngazi akamshika mkewe mkono ule ule, juu tu ya plasta, akaukamua na kuusokota. Mama alipiga yowe ambalo kipaza sauti kililipeleka mpaka barabarani. Hakuna aliyesimama. Wanaume walitazama viatu. Mchungaji alisema, "Katibu, Katibu," kama anayebembeleza mtoto mgonjwa. Fundi akamsukuma mkewe kwenye mimbari, akashuka, akamnasa binti kwa nywele.

"Nyumbani," alisema. "Sasa hivi."

Binti alimtazama usoni, na kwa ule ulimi wake uliovimba, akamwambia baba yake lile neno.

Hapo kanisa likapiga ukelele. "Yesu!" "Shindwa!" Mwanamke mmoja aliziba masikio ya mjukuu wake. Watu ambao hawakuinuka kwa yowe waliinuka kwa neno, nusu ya kanisa imesimama, na Fundi akainua mkono juu kumpiga mtoto, akijua kwamba sasa wote wako upande wake.

"Mwachie."

Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti. Mama Kiongozi alikuwa amepanda, sare yake imenyooka.

"Umesikia alichosema?" Fundi aliuliza.

"Nimesikia. Mwachie mtoto."

"Mbele ya Mungu, Mama Kiongozi, umesikia alichoniita?"

"Mimi mume wangu alinivunja mbavu mbili," Mama Kiongozi alisema, "na nikamzika kwa nyimbo. Mwachie mtoto, wewe..." Na mkuu wa akina mama wa kanisa lile, mwenye miaka sitini, akalisema. Alilisema vibaya, kwa kigugumizi, kama mtu anayetumia chombo kwa mara ya kwanza.

Fundi alishangaa kiasi kwamba vidole vililegea. Binti akachomoka, na Kasuku akaingia kwa mlango wa pembeni. Ngumi ya kwanza ilivunja pua ya Fundi. Ya pili ilimlaza kati ya mabenchi. Fundi aliinuka na mguu wa kiti kilichovunjika, akampiga Kasuku kwenye sikio lililofungwa, bandeji ikaloa, wakashikana, wakaangusha meza ya sadaka, wakabiringika juu ya sarafu, wanang'atana, damu imetapakaa kwenye zulia wanalopitia maharusi. Iliwachukua wanaume saba kuwatenganisha. Katika muda wote huo Kasuku alitukana bila kupumzika. Fundi, pua imepinda, jino limemtoka, hakusema neno baya hata moja.

Mama alikuwa ameshatoka na binti.

* * *

Baraza lilikaa jioni ile ile. Mwalimu Mstaafu aliomba ajenda ya pili, akaambiwa muda umekwisha, akaacha miwani mezani na kuondoka. Hakurudi tena kwenye kile chumba. Waliobaki waliandika hivi: mke wa Katibu, binti yake, na Mama Kiongozi watengwe na Meza ya Bwana miezi sita kwa kutoa matusi hekaluni. Katibu, ambaye alikasirishwa, apumzike mwezi mmoja na kushauriwa. Mama alienda polisi Jumatatu, akaandikisha, akaambiwa atapigiwa simu. Hakurudi kwa mumewe, wala binti hakurudi. Chekechea ilipata mpishi mwingine.

Siku ya Meza ya Bwana, miezi miwili baadaye, walikuja wote watatu, maana kutengwa si kufukuzwa. Waliwekwa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama alikuwa ametolewa plasta na mkono umepungua, umekaa upande. Mama Kiongozi hakuvaa sare. Vikombe vidogo vilianza kuzunguka kwenye sinia, mstari kwa mstari, na aliyebeba sinia alikuwa Fundi, suti nyeusi, pua imepona ikiwa na kona. Aliinama kwa kila mtu kwa heshima. Alipofika kwao alisita kidogo kama ilivyotakiwa, akapita.

Binti alimfuata kwa macho mpaka alipofika madhabahuni.

"Mama," alinong'ona, "mbona baba hakutengwa?"

Mama alimwekea ule mkono uliopinda begani.

"Baba yako hajawahi kutukana."